Nilivyojibu Salamu ya Daktari kwa Niaba ya Wafula

Juzi nilikuwa napanga upya sanduku la vitambaa nikakuta daftari zangu za zamani, zile za jalada la bluu. Nimezoea kuandika hapa mambo ya leo, lakini siku hii moja nainakili kama nilivyoiandika nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimesahihisha tahajia tu, na majina nimeyabadilisha.

Jumatano, 10 Agosti 1994. Matisi, Kitale.

Mvua tangu saa kumi na mbili asubuhi, ile nyembamba ya Kitale inayoweza kushinda siku nzima. Nimevaa sweta mbili, soksi zangu za shule, na leso ya Senge kichwani. Baridi na damu yangu hazipatani. Nimefagia chumba mara mbili. Nimepanga vikombe nikavipangua. Senge, dada yake baba, ambaye ndiye ninayeishi kwake, alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Wewe mayi, mama yangu, si ukae chini. Hiyo sakafu imekukosea nini?"

Siwezi kukaa chini.

Kesho nakwenda Bungoma kwenye mkutano wa kamati yetu, na kuna neno lazima nilitoe mbele ya watu au nilimeze milele. Nikilimeza, daktari mmoja atashtakiwa kwa kosa ambalo si lake, na mpango wetu tulioutolea jasho utatupwa. Nikilitoa, Wafula ataaibika mbele ya baba yake, na mimi sijui Sista Rozalia atanitazama kwa macho gani.

Acha nianze mwanzo, maana nikiandika ovyo nitajidanganya hata humu.

Kwenye kamati tuko watano. Wote tumezaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa, na wote tumekulia kliniki moja ya watoto, ya misheni, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alhamisi ya pili ya kila mwezi. Ukutani kuna twiga aliyechorwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kumwona twiga, shingo nene kama ya ng'ombe. Sista Rozalia, muuguzi wetu, anajua ni mkono upi wa nani una mshipa mzuri na nani hulia kabla ya sindano na nani hulia baadaye. Mimi ni wa baadaye.

Ukifika miaka kumi na minane, karani anapiga mstari mwekundu juu ya jina lako na kukuambia utafute kliniki ya wakubwa iliyo karibu na unapoishi. Basi. Nilipopigwa mstari mimi, mwaka jana, nilitoka pale nimeshika daftari langu la hospitali, lile la mazoezi tunalonunua dukani ili daktari aandike humo, nikahisi kama mtu aliyefukuzwa shule bila kuambiwa kosa. Twiga alikuwa ananiangalia. Nililia njia nzima hadi nyumbani Bokoli na mama akadhani nimepata maumivu.

Sista aliona wengi wetu tunapotea hapo katikati. Mtoto anavuka, haendi kwa wakubwa, anakaa nyumbani na dawa zake kuukuu hadi siku anabebwa. Ndiyo akatuita watano mwezi wa Aprili, akatuketisha kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yetu yakifika kidevuni, akatuwekea mkate na soda. Akasema, "Mimi nawalea hapa, halafu nawatupa. Sasa niambieni nyinyi wenyewe. Mnataka mvushwe namna gani?"

Tulidhani ni mtihani.

Kweli, katika maisha yangu yote mtu aliyevaa nyeupe alikuwa hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya "unaumwa wapi?" Na hata hapo alikuwa anamwangalia mama.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Beatrice, mdogo wetu, ana miaka kumi na sita. Alisema yeye anataka kwa wakubwa pia kuwe na twiga. Tulimcheka mpaka akalia. Sista akasema kila neno liandikwe, na kwa kuwa mimi nasomea upigaji chapa hapa Kitale nikafanywa mwandishi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya mpango wetu, kwa mkono wangu, kumeandikwa: *Twiga.*

Kisha Wafula akazungumza. Wafula ana miaka kumi na minane, anatengeneza redio kwenye duka la mjomba wake hapa mjini, na ni mtu wa mzaha. Siku hiyo hakufanya mzaha. "Si mnajua hii ni mwaka ya kutahiri?" alisema. "Kijana hawezi achwa peke yake kwa ile kibanda. Anapewa mtu mwenye amepitia, anamwangalia mpaka apone. Sasa sisi tunapelekwa kwa wakubwa na nani? Na karani, bana?"

Sista akaniashiria niandike.

Hapo ndipo tulipopata kile tulichokiita ndugu wa benchi. Mtu ambaye tayari amevuka atakaa na mgeni kwenye benchi la wakubwa mara tatu za kwanza, ataingia naye kwa daktari, atahakikisha hakuna kilichosahauliwa. Mama atabaki nje. Hicho cha mama kubaki nje kilizua vita. Mama yangu mwenyewe aliuliza kama tumeanza kuvuta bangi.

Ninamwelewa. Mama hajui kusoma vizuri lakini historia yangu yote anayo kichwani. Damu ya kwanza niliwekwa wakati wa kupalilia, ya pili wakati wa kuvuna, mwaka ule ng'ombe mwekundu alikufa. Na kwa daktari alikuwa na desturi yake. Daktari aulize habari, mama ajibu, "Mzuri, daktari, ira tu huyu mtoto hajarara siku tatu." Ila tu. Ila tu mguu umevimba. Ila tu hali chakula.

Ndivyo tunavyosema kwetu. Mtu anakuja hata na habari ya kifo, unamuuliza habari ya nyumbani, anakwambia mzuri. Anapewa kiti. Anaulizwa mvua, anaulizwa ng'ombe. Ndipo anasema, ila tu mzee ametuacha jana. Kuanza na ubaya ni kukosa adabu. Mzuri ni kubisha hodi tu, na kila mtu anajua bado hujaingia.

Nilijua haya yote bila kujua kwamba nayajua.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Julai. Mimi na Wafula ndio tunaoishi Kitale, kwa hiyo tuliamua tuwe wa kwanza kuujaribu mpango. Yeye alikuwa amepigwa mstari wake, mimi nilikuwa nimeshavuka. Nikawa ndugu wake wa benchi. Nilivaa sketi ya Jumapili. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Tulikaa pale benchi la kliniki ya wakubwa saa tatu nzima. Katikati ya kunifundisha jinsi redio inavyoweza kukamata stesheni mbili kwa wakati mmoja, Wafula aliniambia bila kuniangalia kwamba nyonga ya kulia imemuuma mwezi mzima. Anachechemea watu wakigeuka. Usiku analala ameketi.

"Ukiona nimenyamaza huko ndani," alisema, "sema wewe."

Nilijua kwa nini. Miaka miwili iliyopita wenzake walikwenda mtoni alfajiri, wakapakwa matope ya baridi na kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Yale matope yangemuua. Baba yake, Mwalimu Barasa, alimpeleka hospitali, akachomwa sindano ya ganzi, akatahiriwa amelala kitandani. Wenzake hawajamwacha hadi leo. Wakimwona mjini wanajifanya wanachomwa sindano, "ai, ai." Tangu hapo Wafula hasemi anaumwa. Anaweza kuvunjika akwambie ameteleza kidogo. Kwa hiyo kule kuniambia mimi benchini kulimgharimu, na alinikabidhi mimi hiyo nyonga.

Tukaingia. Daktari ni kijana, ametumwa hapa kutoka upande wa Machakos, na nje watu walikuwa wamejaa hadi kwenye majani. Aliinua kichwa akatabasamu. Naomba niandike hili wazi: alitabasamu. Akasema, "Habari zenu?"

Nikasema, "Mzuri, daktari."

Nililisema kwa sauti, haraka, kwa ajili yetu wawili, kama nilivyolelewa.

Akasema vizuri, akauliza kama dawa zimekwisha. Wafula akasema zimekwisha. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja aulize kidogo ya nyumbani, au mvua, au tumetoka wapi, nipate pa kuingilia na ila yangu. Yeye hakuwa na habari kwamba nangoja. Alikuwa ameshafunga daftari na kulirudisha mkononi mwa Wafula, na mgonjwa mwingine alikuwa ameshafungua mlango.

Humo daftarini aliandika mstari mmoja kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa hana malalamiko. Aliandika alichoambiwa.

Langoni Wafula alisema, "Wacha tu. Ni next time." Nikasema ndiyo.

Na nikaona nafuu. Hicho ndicho sijamwambia mtu. Nilitembea kurudi Matisi nikiwa mwepesi kwa sababu sikulazimika kurudi mle ndani na kumkatiza mtu mkubwa.

Siku kumi na tisa baadaye walimkuta sakafuni, dukani, katikati ya redio, hawezi kujisogeza. Sasa yuko wodi ya wanaume. Wanasema kichwa cha mfupa wa nyonga kimeanza kufa na pengine atatembea na fimbo tangu sasa. Kama ingejulikana siku ile ya Julai ingesaidia? Labda. Labda isingesaidia. Hiyo labda nimekaa nayo wiki mbili na imenimaliza.

Mwalimu Barasa alikwenda Bungoma na lile daftari mkononi. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye kuzungumza kama anaandika ubaoni. Alimwonyesha Sista ule mstari. Mtoto ameingia na nyonga mbovu, daktari ameandika hana malalamiko, maana yake nini? Sista akaniita. "Nasimiyu, wewe ulikuwa ndani. Mlimwambia?"

Nikasema, "Daktari alikuwa na haraka."

Si uwongo. Nje watu walikuwa wamejaa. Alikuwa na haraka kweli. Nimelirudia hilo mara mia na kila mara linazidi kunuka.

Mwalimu akaandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wa yule daktari. Na nani atapiga chapa? Si Nasimiyu, mwandishi wa kamati. Niliipiga chuoni wiki iliyopita, na karatasi ya kaboni katikati. *Alikataa kumsikiliza mgonjwa.* Vidole vyangu havikukosea hata herufi moja. Mwalimu wetu wa chapa alipita nyuma yangu akasema nimeendelea sana.

Kesho barua hiyo itawekwa mezani kamati itie sahihi. Na kesho hiyo hiyo Mwalimu Barasa, ambaye ndiye mwenyekiti wa wazazi, anataka mpango wetu ufutwe. Anasema watoto hawawezi kupanga matibabu. Anasema mama waingie na watoto wao hadi waolewe au waoe, na huo ndio mwisho. Kama ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Yeye anaona ndugu wa benchi alikuwepo, akasema, na hakusikilizwa, kwa hiyo ndugu wa benchi hana faida. Hajui kwamba ndugu wa benchi hakusema kitu.

Basi leo nimekwenda kumwona Wafula saa ya kuona wagonjwa. Senge alinifungia viazi vitamu na chupa ya chai. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Njiani nilipishana na kijana wa kutahiriwa na kundi lake, njuga mikononi, anakwenda kuwaalika wajomba, jasho na mvua vimechanganyika usoni. Watu walimpisha barabara nzima. Nilisimama pembeni nikamwonea wivu. Yeye kila mtu anajua anavuka.

Wafula alikuwa amelala na mguu umeinuliwa, amekonda. "Niaje, karani," alisema. "Viazi bila siagi? Ata mgonjwa hamuogopi?"

Nilimwambia palepale, kabla sijakaa. Kesho nitasema ukweli.

Uso wake ulibadilika. Aliangalia iwapo mzee wa kitanda cha pili anasikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba nisithubutu. Nikisema, mzee wake atajua kwamba yeye Wafula alijua mwezi mzima na akaficha. Ataulizwa kwa nini. Atasema nini, kwamba aliogopa kuitwa mtoto wa sindano? "Na huyo daktari ni mtu wa mbali," alisema. "Atapewa transfa, maneno iishe. Kwani ni ndugu yako?"

Nilikasirika. Sikujua nina hasira kiasi kile. Nikamuuliza, "Na Beatrice? Akivuka yeye, niingie naye tena, nimwambie daktari, 'Mzuri'?"

Akageukia ukuta. Nikaanza kumenya kiazi ambacho hakuna aliyekiomba.

Hapo ndipo daktari alipoingia. Yule yule. Leo alikuwa na duru ya wodi, macho mekundu, koti limefungwa vifungo vibaya. Alianza na kitanda cha mlangoni, na mimi nikakaa na kisu changu nikisikiliza.

"Habari, mzee?"

"Mzuri, daktari."

Huyo mzee ana mpira umetoka ubavuni.

"Habari yako?"

"Mzuri tu."

Huyo mguu wake uko kwenye chuma.

Kitanda baada ya kitanda, wanaume wazima, wengine wamekunja ngumi ndani ya blanketi, mzuri, mzuri, tunashukuru Mungu. Na yule kijana anaandika. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia angoje, usiandike bado, hawajaingia, wanabisha hodi tu! Nani amwambie? Mama zao hawapo, na wake zao wako nyumbani na shamba.

Akafika kwetu. Alinitambua, nilimwona amenitambua. Akamwinamia Wafula.

"Habari ya leo, kijana?"

Wafula hakujibu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Aliniangalia mimi, na nikafunga mdomo wangu kwa nguvu hata meno yakauma, kwa sababu lile neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Naapa lilikuwa limefika.

"Mbaya, daktari," alisema Wafula.

Mzee wa kitanda cha pili alifyonya. "Vijana wa siku hizi," alisema, "ata saramu hawajui."

Daktari alifunga kalamu yake. Akavuta kigoda, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwenye kitanda chochote. Akasema, "Niambie."

Na Wafula akamwambia. Mwezi mzima. Kulala ameketi. Kuchechemea watu wakigeuka. Alisema hata kuhusu sindano ya kutahiriwa, huku analia na bila kujificha, na daktari hakuandika kitu mpaka alipomaliza. Ilichukua muda mfupi sana. Nilikuwa nimefikiri miaka yote hii kwamba kusema ukweli kwa daktari kunachukua muda ambao yeye hana.

Kisha daktari akanigeukia. "Si wewe ndiye ulikuja naye ile siku?"

Nikasema ndiye mimi.

Alingoja kidogo. Nadhani alingoja. Ningeweza kumwambia pale pale, hakukuwa na mkutano wala Mwalimu Barasa wala Sista, ni yeye tu na kigoda chake. Nilichofanya ni kuchukua chupa ya chai na kusema muda wa wageni umekwisha.

Ulikuwa umebaki nusu saa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni Wafula aliponiita. "Karani. Hiyo kitu nimesema, andika kwa ile karatasi yenu." Alifuta uso na shuka. "Na ile ingine, sema tu. Mzee nitaongea na yeye mimi mwenyewe."

Nimerudi. Mvua imeanza tena. Karatasi ya mpango iko mbele yangu, imepigwa chapa vizuri, nafasi mbili, pembeni imenyooka. Kifungu cha kwanza, mgonjwa aandikiwe na kliniki ya watoto ukurasa mmoja wa historia yake aubebe. Cha pili, mama abaki nje. Cha tatu, ndugu wa benchi. Twiga tulimwacha, Beatrice mwenyewe alisema aachwe, lakini leo nadhani tulikosea. Nadhani Beatrice alikuwa anauliza ni nani huko atakayemjua, na ni sisi tuliomcheka.

Nimeongeza kwa kalamu, chini ya cha tatu:

*Nne. Ukiulizwa habari kwa daktari, sema ilivyo, hata kama ni mbaya. Ndugu wa benchi asimjibie mgonjwa salamu. Na daktari aombwe aulize mara ya pili.*

Nimemrudisha na twiga, kifungu cha tano. Nimeandika pia pembeni kwa nini cha nne kimeongezwa, tarehe ya siku ile, na jina la aliyejibu salamu. Nakala ya kaboni ya ile barua ya malalamiko nimeikunja ndani ya karatasi hii. Nitaziweka mezani pamoja, na sahihi yangu haitakuwa kwenye barua.

Naogopa. Naogopa kwamba Mwalimu Barasa hatanifokea. Atanitazama tu kwa ule upole wake. Naogopa kwamba watasema, mnaona, hata mwenyewe mwenye kupanga ameshindwa, futeni. Na pengine watafuta kweli. Lakini kama watafuta, wafute kwa sababu ya kilichotokea, si kwa sababu ya kilichotungwa na mimi.

Sasa hivi Senge ameingia na jiko la makaa kunipashia chumba moto. Akauliza, "Habari ya mgonjwa?"

Nikasema, "Mzuri tu, Senge."

Limetoka lenyewe! Baada ya yote ya leo. Alikuwa ameshageuka anatoka, nikabaki nimekodolea makaa kama mjinga. Nikamwita. Nikamwambia si mzuri, na mimi pia si mzuri, na kuna jambo nimelifanya. Senge hakuuliza ng'ombe wala mvua. Aliketi kitandani na leso yake yenye unga, na nikamweleza lote, hadi ile nafuu niliyoiona langoni. Mwishoni alisema, "Kumbe ndiyo maana umefagia hii nyumba hivi." Kisha akasema kesho nisisahau sweta ya tatu, Bungoma asubuhi kuna umande.

Kwa hiyo mmoja ameshasikia.

Kesho Sista Rozalia atakuwa amesimama mlangoni, chini ya yule twiga, anasalimia kila anayeingia kama kawaida yake. Atauliza habari. Najua atakavyosema, na mkono ataushikaje. Nimejaribu jibu langu hapa chumbani mara tano, kwa sauti, na mara mbili nimekosea.

Mara ya mwisho nimelipata. "Mbaya, Sista. Naomba nikae chini kwanza."